Naomba ushauri: kongamano la kamera za fomati kubwa, filamu nisafiri nazo vipi?

Habari zenu wakuu. Nimejiandikisha kwenye kongamano la wapenzi wa fomati kubwa, zile kamera za kujifunika kitambaa cheusi na kuona picha kichwa chini miguu juu. Nitaenda kwa ndege, na hapo ndipo penye kazi.

Filamu zangu ni za vipande, inchi 4 kwa 5. Mzigo wa chini ya ndege hupigwa mionzi mikali, kwa hiyo nitazibeba mkononi. Tatizo, viwanja vingi siku hizi vina skana za CT (mashine za mionzi inayozunguka begi pande zote) hata kwa begi la mkononi, na hizo zinaweza kuharibu hata filamu ya ISO 100, ambayo si nyepesi sana kushika mwanga. Nikiomba ukaguzi wa mkono, afisa aking'ang'ania kufungua boksi je? Likipata mwanga ndiyo basi tena. Kuna aliyewahi kuliweka kwenye mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, afisa akapapasa humo humo? Au bora ninunue nikifika na kusafisha huko huko kabla ya kurudi?

Kingine ni kamera. Ya reli, ile ambayo lenzi na sehemu ya filamu huteleza juu ya reli moja, ni nzito balaa, ila inainama na kugeuka kila upande, na mimi hasa nafuata mafunzo ya kuinamisha lenzi ili vya karibu na vya mbali vyote vitoke vikali. Ya mbao ya kukunja itanitosha?

Halafu mkikutana huwa mnaonyeshana nini, negativu au picha zilizochapwa? Za kwenye simu naona aibu kuzitoa mbele ya watu wa aina hiyo.