Naomba ushauri: silinda hedi ya Triumph Mayflower imegoma kutoka

Habari zenu wakuu. Nipo Coventry, Uingereza, na gari ni Triumph Mayflower ya 1952, lile dogo lenye kona kali kama Rolls-Royce. Injini ni ya 1247 cc, vali za pembeni, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya aluminiamu. Linachemsha na maji yanaingia kwenye oili, nahisi gasketi (ile ya kuziba kati ya hedi na injini) imeungua.

Nati zote zimefunguka, ila hedi imeng'ang'ania stadi za chuma (boliti zilizosimama zinazopita kwenye hedi) kwa kutu. Nimemwagia mafuta ya kulegeza, nimegonga kwa nyundo ya mpira, wapi! Tindo naiogopa, aluminiamu haichelewi kupasuka.

Je, nirudishe plagi nizungushe injini kwa stata, nati zikiwa zimelegezwa, ili presha iinyanyue hedi? Au ning'oe stadi kwanza, na kwa njia gani zisikatike?