Tupeane uzoefu: kuorodheshwa CRB kwa deni lililokwisha au lisilo lako

Ndugu zangu, uzi huu ni wa Wakenya ambao majina yao yamewahi kupelekwa kwa mashirika ya taarifa za mikopo, yaani CRB, ilhali deni lilikuwa limekwisha au halikuwa lao. Nianze na yangu. Nilimaliza mkopo wa benki nikapewa barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi, lakini nilipoomba mkopo wa ada ya shule katika Sacco, niliambiwa rekodi yangu bado inaonyesha salio la shilingi 1,340, riba iliyoingia kati ya siku niliyolipa na siku akaunti ilipofungwa. Benki ilisema imekwisha kutuma marekebisho. CRB ikasema huweka tu kile ilicholetewa na benki. Nami nikawa tarishi wa ofisi mbili, nikibeba barua ileile. Kanuni za 2020 zinakataza kuorodhesha deni lililo chini ya shilingi 1,000, kwa hiyo nafuu hiyo imenipita kwa shilingi 340. Naamini aliyetuma taarifa isiyo sahihi ndiye anayepaswa kubeba kazi na gharama ya kuirekebisha. Tafadhali tusitaje majina ya benki wala maafisa.

Bi Kongowea: Mimi nauza matunda sokoni Kongowea. Nilikataliwa mkopo wa simu bila kuelezwa sababu, nami sijawahi kuchelewesha malipo. Nilipoichukua ripoti yangu, ambayo kila mtu ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, nilikuta deni la kampuni nisiyoijua, na namba ya simu iliyoandikwa pale haikuwa yangu. Nikapiga *106#, nikaona laini nisiyoitambua imesajiliwa kwa kitambulisho changu. Kampuni ilinitaka nithibitishe kwamba si mimi niliyekopa, na mtu atathibitishaje jambo ambalo hakulifanya? Walianza kunisikiliza nilipopeleka namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kutoka kituo cha polisi. Lililoniudhi zaidi ni kwamba miaka yote niliyokopa na kulipa haikunitetea hata kidogo.

Mhitimu Kisii: Mimi nadaiwa kweli, mkopo wa masomo, na silikatai deni. Ila waajiri wanataka cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba sidaiwi kabla hata ya usaili, na mshahara ninaoutafuta ndio ambao ungelilipa. Angalau kanuni hizo za 2020 zilifuta ada kwa anayeomba cheti mara ya kwanza.

Mjumbe wa Kamati ya Mikopo: Niruhusuni nitofautiane nanyi kidogo. Bila taarifa hizi mtu angekopa katika Sacco tatu kwa mpigo, na wadhamini wake, ambao katika Sacco yetu huwa ni walimu wenzake, ndio wangekatwa mishahara. Kwa hiyo CRB haifai kufutwa. Kasoro kubwa imo katika namna tunavyoisoma. Ripoti ina historia ya malipo na ina alama ya kuonyesha mtu anavyoaminika kulipa (Metropol, mojawapo ya CRB, kwa mfano, hutumia kipimo cha 200 hadi 900), lakini mezani kwetu swali huwa moja tu: yumo au hayumo? Aliyechelewa kulipa zaidi ya siku 90 kwa sababu mshahara ulikwama huhesabiwa sawa na aliyezima simu akatoweka. Serikali nayo hutoa nafuu za muda: Oktoba 2021 uorodheshaji wa mikopo ya chini ya shilingi milioni 5 ulisitishwa kwa mwaka mmoja, na Novemba 2022 ukaja mpango wa kupunguza nusu ya madeni ya mikopo ya simu kwa watakaolipa nusu iliyosalia. Hatua hizo ziliwafaa wengi, siwezi kukana, lakini hazikumfaa Bi Kongowea, ambaye tatizo lake ni rekodi ya uongo, si deni.

Mwanzisha uzi: Nakubaliana nawe, Mjumbe. Je, mwanachama akileta barua ya benki kabla rekodi haijarekebishwa, kamati yenu huipokea?

Mjumbe wa Kamati ya Mikopo: Yetu huipokea, mradi iwe na muhuri na tarehe ya malipo ya mwisho, kisha tunaipigia benki simu kuhakikisha. Kamati nyingine hukataa katakata. Uliza kwanza kabla ya kujaza fomu, maana kuna Sacco ambazo hazirudishi ada ya maombi.