Kuvua kwa miguu Msimbati: mshipi wa mkono au fimbo?

Mgeni_wa_Kusini: Wakuu, salaam. Nimehamia Mtwara kikazi kutoka Dodoma, msinicheke. Chombo sina, navulia ufukweni. Jumamosi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nilisimama Msimbati na mshipi wa mkono kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Nikapata chaa wawili wa ukubwa wa kiganja, basi. Kuna fimbo yenye mashine inauzwa, imetumika, bei imesimama. Ninunue?

Bamvua: Usinunue kitu. Ilikuwa bamvua hiyo, maji yanapanda na kukauka kupita kiasi! Saa nne asubuhi maji yamekauka, yanajaa saa kumi na kitu jioni. Samaki hufuata maji yanayopanda, wanaingia kutafuta kaa na kamba palipokuwa pakavu. Wewe umeondoka wenyeji ndiyo wanarudi nyumbani.

Nailoni: Bamvua kasema kweli ila fimbo asiitupe. Ninavyo vyote viwili. Penye kina karibu na ufuko, mshipi wa mkono hauna mpinzani: samaki akidonoa tu, kidole kinajua. Lakini penye mawimbi mshipi unalala ndani ya povu, unaburutwa, unakuja na majani. Fimbo inatupa chambo nyuma ya wimbi na kuuinua uzi juu. Halafu kuna kolekole. Akikimbia, mashine inamwachia uzi kidogo kidogo. Kwa mkono nilichanwa kidole nikakaa wiki bila kushika jembe. Ubaya wa mashine ni chumvi. Usipoisuuza kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, imekwisha.

Chambo tumia ngisi. Kamba ni mtamu ila laini, wimbi linamng'oa kwenye ndoano.

Bi_Mikindani: Mnabishana vifaa, hakuna aliyemwambia kushika samaki. Mwanangu, usimvute wimbi linaporudi, midomo itachanika. Shikilia, ngoja wimbi linalokuja limlete, nawe urudi nyuma nalo. Ukiona tasi, mkono wako usimguse: miiba yake ina sumu. Mbane kwa plaizi. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, dakika 30 hadi 90, kisha nenda zahanati. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, ndiyo usicheze naye kabisa, kata uzi. Na beba barafu. Jua la Mtwara halikusubiri ufike nyumbani.

Nailoni: Jingine, Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu 2000. Pita ofisini kwao uulize utaratibu kabla hujafika na fimbo begani.

Mgeni_wa_Kusini: Shikamoo Bi, ahsante. Plaizi nanunua leo, fimbo ingoje. Mkuu Bamvua, Jumamosi hii maji yanajaa saa ngapi, nije jioni?

Bamvua: Jumamosi hii maji mafu, hayapandi wala hayakauki sana. Yanajaa saa nne na kitu asubuhi. Saa yako ile ile 😂