Nimechapwa kwenye chesi kwa Ng5 (farasi kuruka g5) mashindano ya Mwanga, nilikosea wapi wakuu?

Farasi_wa_Mwanga: Wakuu habari za jioni. Jumamosi tulikuwa na mashindano ya chesi hapa Mwanga, Kigoma, dakika 15 kila mtu, raundi ya mwisho nikakutana na dogo mmoja wa Ujiji, mimi nina nyeusi. Ikaenda (N ni farasi, B ni askofu, x ni kula, herufi ndogo na namba ni kiboksi cha bodi) e4 e5, Nf3 Nc6, Bc4 Nf6, akaruka Ng5, nikasukuma d5 akala, nikala kwa farasi Nxd5, na yeye bila hata kuwaza akapiga Nxf7! Mfalme akamla, malkia akaja f3 cheki, nikaenda e6, akaleta Nc3, toka hapo sikupumua tena. Niko mbele farasi kwa askari mmoja lakini saa yangu imebaki dakika 3 yeye ana 11. Inaniuma mpaka leo.

KeteNyeusi: Pole sana kaka. d5 ilikuwa sahihi, kosa ni Nxd5. Hiyo ndo Fried Liver, shambulizi la kumtoa farasi f7 ili mfalme atoke nje, Waitaliano wanaiita Fegatello, Polerio, mchezaji wa zamani wa Italia, aliicheza Roma miaka 400 iliyopita na bado inaua watu. Usipomla yule farasi wa f7 unapoteza malkia au ngome, ukimla mfalme anaburutwa mpaka e6 kumlinda farasi wa d5, ambaye naye kabanwa na askofu wa c4 hawezi kusogea. Dawa ni Na5 badala ya Nxd5, unamgonga askofu. Atatoa cheki Bb5, ziba na c6, anakula unakula, umetoa askari mmoja ila kete zako zinatoka haraka na zake zinarudi nyuma. Ukija h6 yule farasi anahangaika pa kwenda, gwiji Fischer wa Marekani mwaka 1963 alipocheza na Bisguier alimpeleka mpaka h3 pembeni huko, japo Fischer alishinda.

Dada_Kibirizi: Na5 nzuri ila kwa dakika 15 inataka uwe umeikariri kweli. Mi nacheza Bc5 badala ya Nf6. Akikurupuka na Ng5 malkia wako anamla bure, njia ya d8 mpaka g5 iko wazi.

Farasi_wa_Mwanga: Daah dada hiyo ya malkia sikuwahi kuiona! Nimepanga bodi hapa barazani, ngome moja ilipotea nimeweka kizibo cha soda, nimerudia Na5 mara nne na kweli farasi wake anakosa pa kukaa. Bc5 naanza nayo kesho kijiweni, ila yule dogo nikikutana naye tena namchezea Na5.