Kikundi: UKOO WA BABU NDAHANI (safari ya pori la akiba la Swagaswaga)

Neema, 12:10 asubuhi: Mbukwenyi ukoo. Jumamosi saa 11 alfajiri tukutane stendi ya Nanenane. Suruali ndefu za kaki, nzito, zichomekwe ndani ya soksi. Bluu na nyeusi sitaki kuziona.

Juma: Na fulana za ukoo? Zimeshachapwa. Za bluu.

Neema: Juma, mbung'o hufuata bluu. Mitego yao porini ni vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyochovywa dawa. Watoto wetu wakatundikwe huko?

Baba Kelvin: Nipeni mimi, nikae nyuma ya gari waje kwangu 😂

Mama Kelvin: Kwa kitambi hicho watagawana viwanja 😂😂

Neema: Jamani!!

Esta: Nimepata dawa ya kupaka, DEET asilimia 30. Inatosha?

Neema: Mbu na kupe, sawa. Mbung'o hawaijali sana, na kitambaa chembamba wanakichoma tu. Mchana kweupe, tena. Anzeni na mafuta ya jua, yakishakauka ndipo dawa. Watoto msiwapake viganjani, wanalamba vidole.

Juma: Hela ya fulana anarudisha nani? Au itaenda kama ya harusi ya Grace?

Grace: Juma, usianze.

Juma: Nimeuliza tu. Daftari lilikuwa kwa nani?

Neema: Hayo tuongee pembeni. Nani ana kibano? Kupe anashikwa karibu kabisa na ngozi, anavutwa taratibu moja kwa moja. Asichomwe na kiberiti wala kupakwa mafuta. Mkirudi kagueni makwapa, kinena na nyuma ya masikio ya watoto.

*3:40 usiku*

Esta: Babu yuko hapa, anasema niandike kama anavyosema:
"Wajukuu zangu, tembe la dada yangu Kwamtoro asilale mtu. Zile nyufa za sakafu zina papasi. Wanatoka usiku, wananyonya, wanarudi kabla hujashtuka. Homa yake inakuja, inaondoka, inarudi tena. Yona alipougua tulisema malaria. Nimemaliza."

Grace: Tumesikia, Babu.

Mama Kelvin: Shikamoo Babu. Tumepokea.

*Kesho yake, 1:25 asubuhi*

Neema: Basi tunalala kwenye mahema, mbali na kuta zile. Baba Kelvin, lile la kwaya lipo?

Esta: Na atakayepata homa baada ya safari aende hospitali, aseme wazi alikuwa Swagaswaga na mbung'o walimuuma. Asimeze dawa za malaria kwa kubahatisha. Malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, ipo.

Baba Kelvin, 7:50 mchana: Hema lipo. Zipu imekufa.

Neema: Lilete kwangu jioni. Chandarua nitashonea hapo mlangoni. La pili nani analo?

Juma: Fulana za kaki nimeziona soko la Majengo. Ila sitoi hela mpaka nione daftari.

Neema: La pili nani analo, jamani?