Kijana wangu wa miaka 15 anapiga benchi kwa vyuma vizito. Viwiko vikae wapi, na umri wake unaruhusu?

Mama_Mpondwe:

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, navuka Kasindi na kurudi. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15, yuko Senia ya Pili, mwaka wa pili wa sekondari, na tangu likizo ianze hana habari na kitu kingine ila vyuma. Nyuma ya gereji moja vijana wametengeneza jimu yao chini ya mwembe: benchi la mbao, nguzo mbili za chuma zilizochomelewa, gia za lori, na mawe ya saruji waliyoyamimina kwenye madebe. Mazoezi siyakatai. Afadhali awe pale kuliko kwenye vibanda vya pombe ya waragi.

Kinachonitisha ni Jumamosi jioni. Siku hiyo wanashindana nani ananyanyua zaidi. Nilipita nikamkuta mwanangu amelala chali, chuma kifuani, makalio yameachana na benchi, miguu inatafuta pa kukanyaga, wenzake wakipiga kelele "sukuma! sukuma!" Hakuna hata mmoja aliyesimama karibu na kichwa chake. Chuma kikapanda upande wa kushoto kwanza, wa kulia ukafuata kwa shida.

Nikauliza namna sahihi ni ipi, nikazua ubishi. Mkubwa wao wanayemwita kocha anasema viwiko vifunguke vilingane na mabega na chuma kishuke karibu na shingo, ndipo kifua kitapanuka. Mwingine aliyewahi kufanya mazoezi Kampala anasema hapana, viwiko vibanwe mbavuni. Mama mkwe anasema wote wanapoteza muda, mtoto akibeba vizito hatarefuka tena. Na kijana mwenyewe ana maumivu juu ya bega la kulia, pale mtulinga unapoishia. Nyumbani anakiri, mbele ya wenzake anakana.

Nimkataze? Au aendelee, lakini vipi? Naomba wanaojua wanisaidie.

Mzee_wa_Bombo:

Mama, pole na hofu. Ushauri wangu mimi ni mwache kijana. Watoto wetu wanateka maji kwa jerikeni la lita 20 tangu wakiwa Praimari. Maji hayo ni kilo 20, uzito uleule wa chuma kitupu cha mashindano. Wengine likizo wanapakua saruji, mfuko kilo 50 begani. Nimelelewa hivyo, nimelea hivyo, na wanangu ni warefu kunipita. Mvulana wa miaka 15 anatafuta uanaume wake, na ukimfungia mlango wa jimu atautafuta mahali pabaya zaidi.

Fizio_Arua:

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye kutomkataza tuko pamoja. Lakini jerikeni likikushinda unalitua chini. Chuma cha benchi kikikushinda kiko juu ya koo lako. Hiyo ndiyo tofauti inayonifanya niandike.

Mama, nafanya kazi ya fiziotherapia, na swali la urefu nalisikia karibu kila likizo. Mifupa mirefu ya mtoto hukua kwenye sehemu za gegedu karibu na ncha zake. Kwa wavulana wengi sehemu hizo hufunga miaka ya 16 hadi 18 hivi, nyingine baadaye, kwa wasichana mapema kidogo. Zikivunjika kwa kuanguka au kwa uzito uliopita kiasi, mfupa unaweza kukua vibaya, na hapo ndipo hofu ya mama mkwe ilipotoka. Lakini taarifa za zamani za vijana walioumia hivyo zilihusu zaidi waliokuwa wakijaribu uzito wa mwisho wa uwezo wao bila msimamizi. Mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri hayajaonyeshwa kupunguza urefu wa mtoto. Madaktari wa watoto wa Marekani walilirudia jambo hilo katika tamko lao la 2020, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki.

Kwa hiyo umri wake si kizuizi. Yale mashindano ya Jumamosi ndiyo ninayoyapinga, tena bila kupepesa.

Sasa bega. Maumivu kwenye ncha ya mtulinga kwa mtu anayepiga benchi kila siku yanafahamika vizuri. Mfupa pale unabanwa tena na tena, hasa chuma kikishuka chini sana na viwiko vikiwa vimefunguka, hadi ncha yake inaanza kulika. Mwambie avuke mkono wa kulia mbele ya kifua aguse bega la kushoto. Akikunja uso, aache benchi kabisa kwa sasa na umpeleke akaonwe. Kama hospitali ya Bwera hapo jirani hawana mtu wa viungo, iko hospitali ya rufaa ya Fort Portal. Akianza kuumwa usiku, kufa ganzi mkononi au kuvimba, usingoje.

Kocha_Kisenyi:

Mama, nafundisha jimu hapa Kampala, vijana wengi wanaanzia kwangu. Wale wawili wanaobishana kila mmoja ameshika kipande.

Tuanze na viwiko. Vikifunguka hadi vilingane na mabega, bega linabeba kazi ya kifua na linachakaa. Vikibanwa mbavuni kabisa, mzigo unahamia nyuma ya mikono na chuma kinayumba. Mtazame kutoka juu akiwa amelala: kichwa na mikono vifanye umbo la ncha ya mshale, yaani kiwiko kiwe nyuzi 45 hadi 70 hivi kutoka ubavuni. Mwenye mikono mirefu atabana zaidi kidogo. Chuma kiguse sehemu ya chini ya kidari, usawa wa chuchu au chini yake kidogo. Shingoni, kamwe. Kikipanda hakiendi wima tu, kinarudi nyuma kidogo hadi kisimame juu ya mabega.

Kabla ya yote hayo kuna namna ya kulala. Macho yawe chini ya chuma. Makombe ya bega ayavute yakutane mgongoni na ayashushe kuelekea makalioni, kisha ayaache hapohapo hadi mwisho. Watu wanapuuza hili, na mabega mengi yanaharibika kwa sababu hiyo. Miguu yote ikanyage chini bapa. Benchi likiwa refu kwake, awekewe tofali chini ya kila mguu. Kifundo cha mkono kinyooke juu ya kiwiko, kisivunjike kurudi nyuma. Upana wa kushika ni ule ambao chuma kikiwa kifuani, mkono kutoka kiwiko hadi kiganja unasimama wima.

Na kidole gumba kizunguke chuma. Nimewaona vijana wanaokiweka upande mmoja na vidole vingine eti ndiyo ya mabingwa. Chuma kikiteleza hapo hakuna cha kukizuia. Mwaka 2009 Stafon Johnson, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Southern California, alitokwa na chuma cha kilo kama 125 kikamwangukia kooni. Alifanyiwa upasuaji wa masaa mengi, na hiyo ni timu kubwa yenye makocha na madaktari. Alipona. Chini ya mwembe Mpondwe sijui nani angemwahi.

Halafu swali, Mama: hayo mawe ya saruji yaliwahi kupimwa?

Kijana_wa_Busia:

Kocha nakuheshimu, ila mgongo je? Hapa kwetu kuna wanaoukunja kama daraja chuma kisafiri kidogo tu. Huo si udanganyifu? Mimi nalala bapa.

Kocha_Kisenyi:

Mgongo una tao lake la kawaida, na ukivuta makombe ya bega linaongezeka lenyewe. Kiganja kipite chini ya kiuno, inatosha. Kwa washindani wa kuinua vizito, shirikisho lao la kimataifa, IPF, linataka kichwa, mabega na makalio vibaki kwenye benchi na miguu ikanyage bapa. Tao halikatazwi, lakini tangu 2023 chuma kikifika kifuani, sehemu ya chini ya viwiko lazima ifike usawa wa juu ya mabega au chini zaidi, kwa hiyo wale wa kukunja kupita kiasi wamebanwa. Kukilaza chuma kifuani ukitulia ni lazima pia, mwamuzi ndiye anayeamuru usukume. Wanaokidundisha kwenye mbavu kama wale wa Jumamosi wangepewa taa nyekundu wote, yaani wasingehesabiwa.

Tena kwa faida ya Mzee: IPF wanapokea vijana kuanzia mwaka wanaotimiza 14. Lakini jukwaani wanasimama wasaidizi wasiopungua wawili, tayari kukamata.

Mwalimu_wa_Michezo:

Niongeze kwa upande wa shule. Ukimwambia kijana "usishindane" hatakusikia, kwa hiyo badilisheni kinachoshindaniwa. Kwetu nimeweka uzito mmoja mdogo kwa kila mmoja, na mshindi ni anayenyanyua mara nyingi kwa namna safi. Makalio yakiinuka, mara hiyo haihesabiwi. Chuma kikidunda, haihesabiwi. Wakali wa kelele waliacha kelele wakawa waamuzi, na waamuzi wa umri ule hawana huruma.

Utaratibu wenyewe ni huu: siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana, seti mbili au tatu, kila seti mara 8 hadi 15, amalize akiwa bado na nguvu ya kuongeza mbili. Akizimaliza zote safi, ongeza asilimia 5 hadi 10, si jiwe zima. Asiyeweza pushapu 20 zilizonyooka sioni anatafuta nini kwenye benchi. Na kila anaposukuma, siku hiyohiyo avute pia, ajiinue kwenye tawi la huo mwembe.

Mama_Mpondwe:

Mungu awabariki. Kocha, swali lako lilinipeleka sokoni. Nilimwomba mnunuzi wa kahawa mizani yake, vijana wakabeba mawe. Mawili waliyokuwa wakiyaita "pacha", moja kilo 12 na nusu, lingine 9 na nusu! Ndiyo maana upande mmoja ulipanda kwanza. Sasa kila jiwe limeandikwa uzito wake kwa rangi.

Bega: alivuka mkono kama Fizio alivyosema akaruka kwa maumivu. Ameonwa, ameambiwa apumzishe benchi. Amenuna, lakini ametulia.

Limebaki moja. Mmoja wao anawauzia vidonge kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, havina jina, anasema vinajaza kifua. Mwanangu ameniomba pesa.

Fizio_Arua:

Asivitie mdomoni, Mama. Vinavyouzwa namna hiyo mara nyingi havijulikani ni nini, na kama ni homoni za kiume, basi hizo ndizo zenye uwezo wa kufunga mapema zile sehemu za kukua na kumwacha mfupi. Mwambie mama mkwe hofu yake aielekeze kwenye ile kaveera. Pesa hiyo nunua mukene (dagaa), mayai, maharage, karanga, na umwache alale usiku mzima.

Bega likiacha kuuma kwa kazi za kawaida, aanze na pushapu akiegemea ukuta, kisha meza, kisha sakafuni. Akifika sakafuni bila maumivu ndipo arudi kwenye chuma kitupu, ashike mikono ikikaribiana kidogo kuliko zamani. Miguu na kuvuta aendelee navyo hata sasa, mradi haviumi.

Mzee_wa_Bombo:

Hilo la koo limeniingia, daktari. Mama, nani atasimama kichwani kwake akirudi?

Mama_Mpondwe:

Yule anayeitwa kocha amekubali kusimama mwenyewe. Nimemsomea uzi huu wote, akasema la shingoni aliiga tu kwa waliomtangulia.

Kocha_Kisenyi:

Basi huyo ni kocha, mpe heshima yake. Akisimama, awe na mikono chini ya chuma, asikiguse mpaka kikwame, na wakubaliane neno moja la kuomba msaada kabla ya kuanza. Kwa kuwa mnaye msimamizi, wekeni vibano mwishoni mwa chuma mawe yasiteleze. Akiwa peke yake asilale kwenye benchi kabisa. Mawe yatolewe kidogo huku, kidogo kule, upande mmoja ukibaki mtupu chuma kitapinduka.

Na kwa kuwa fundi wa kuchomelea yuko hapohapo gerejini, mwambieni aongeze vyuma viwili vya kulala kutoka kwenye zile nguzo, kimoja kila upande. Urefu wa vyuma hivyo kutoka chini upimwe kijana akiwa amelala: akijaza kifua na kuvuta makombe ya bega, chuma kirefu kimguse kidari. Akilegea na kulala bapa, kikae juu ya vile vyuma viwili bila kugusa shingo. Apime kwa mwembamba kuliko wote, kisha ndipo achomelee.