Wakubwa wa magenge huepukaje jela hadi wanazeeka?

mwana_umoja

Wadau, habari za jioni. Nimesoma tena kisa cha yule mkubwa wa mafia wa Italia, Matteo Messina Denaro, na kimenikera sana. Alianza kusakwa 1993. Akanaswa tarehe 16 Januari 2023 mjini Palermo, alipokuwa amekwenda kliniki ya kibinafsi kutibiwa saratani. Miaka 30! Na si kwamba alikuwa amevuka bahari. Alikuwa kisiwani Sicily, kwao.

Hapa Eastlands kijana akichomoa simu kwenye matatu asubuhi, kufikia jioni watu wanajua jina lake, mama yake na ploti anayolala. Polisi wakimtaka wanampata. Sasa nchi yenye polisi wa kila aina inashindwaje na mtu mmoja kwa miaka 30? Ni akili zake, ni pesa, ama kuna wakubwa wanaomfunika? Na wako wengine waliozeeka hivyo hivyo? Anayejua anieleze kwa mifano, uvumi nimeusikia wa kutosha.

dereva_thikaroad

Ni pesa na woga. Nimeendesha matatu muda mrefu. Kulikuwa na kipindi hutoki stejini kabla ya kuwapa vijana wa genge ada yao. Anayekusanya tulimjua. Anayepelekewa hatukumjua, na nadhani hata mkusanyaji mwenyewe hakumjua. Msako ukija wanabebwa wakusanyaji, kisha baada ya siku chache unaona sura mpya na ada ni ile ile. Huyo wa juu hana haja ya kutoroka, maana hakuna anayemtaja.

karani_mstaafu

Mwana Umoja, hilo swali nimeishi nalo. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Nairobi hadi nilipostaafu: kuita kesi, kuandika tarehe, kurudisha faili masijala. Katika kazi yote hiyo sikumwona mhalifu mkubwa akitoroka kwa kuruka ukuta. Niliwaona wakitoka kwa mlango mkubwa, mchana, kwa sababu shahidi hakufika, au faili halionekani, au kuna barua ya daktari inayosema mshtakiwa hawezi kusimama. Kesi inaahirishwa. Tarehe nyingine, inaahirishwa tena. Mwisho mlalamishi anachoka kulipa nauli.

Kwa hiyo niruhusu nianze na wale ambao hata hawakujificha.

Tony Accardo wa Chicago alikuwa kijana katika genge la Al Capone. Capone alipenda kamera na magazeti, na 1931 akahukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi. Accardo aliona hayo yote. Yeye alipofika juu alikaa kimya na kuwatanguliza wengine mbele. 1960 alitiwa hatiani kwa mambo ya kodi, akapewa miaka 6, na rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Alikufa 1992 akiwa na umri wa miaka 86, na alikuwa akijisifu kwamba hajawahi kulala jela hata usiku mmoja.

Vincent Gigante wa New York ndiye anayenichoma zaidi kwa sababu ya zile barua za daktari. Alikuwa mkuu wa ukoo wa Genovese, mojawapo ya koo tano za mafia mjini humo. Kwa miaka kama 30 alitembea mitaa ya Greenwich Village na gauni la kulalia, ndevu hazijanyolewa, akijisemea peke yake. Madaktari waliapa mahakamani kwamba hana akili timamu. Alishtakiwa 1990, na ubishi kuhusu akili yake ukala miaka mingine hadi kesi ikasikizwa 1997, akafungwa miaka 12. Mwaka 2003 akakiri mbele ya jaji kwamba alikuwa akiigiza. Hebu fikiria ni daktari wangapi walitia sahihi, na ni watu wangapi walidhulumiwa au kuuawa wakati huo wote.

Sasa hao waliojificha. Salvatore Riina, mkuu wa mafia ya Sicily, alisakwa kuanzia 1969 hadi 15 Januari 1993. Alikuwa Palermo na mkewe, wakapata watoto wanne, na watoto hao walizaliwa kliniki. Kuna mkunga aliyewapokea. Kuna karani kama mimi aliyeandika majina yao kwenye daftari. Bernardo Provenzano, mkubwa mwenzake, alimzidi: alitafutwa tangu 1963, akakamatwa 11 Aprili 2006. Miaka 43. Mahali alipopatikana ni kibanda cha mfugaji karibu na Corleone, mji aliozaliwa. Simu hakuigusa. Maagizo yake aliyapiga taipu kwenye vikaratasi vidogo, vikakunjwa na kupitishwa mkono kwa mkono na watu aliowaamini. Mwaka 2003 alisafiri hadi Marseille, Ufaransa, akapasuliwa tezi dume kwa jina la mtu mwingine, akarudi kwake salama. Unajua walivyompata? Polisi walifuata furushi la nguo safi zilizofuliwa nyumbani kwa mkewe.

Na Messina Denaro wako aliishi Campobello di Mazara, kilomita chache tu kutoka mji wa kwao, akitumia kitambulisho cha mtu aliyemwazima jina.

Ndugu yangu, mtu hajifichi miaka 43. Hufichwa. Kuna anayemfulia, anayemletea chakula, daktari anayemwandikia dawa, mwenye nyumba asiyeuliza jina. Baadhi yao wanalipwa, baadhi ni damu yake, na wengine wanajua kilichompata jirani aliyewahi kufungua mdomo. Ukitaka kujua mkubwa ana nguvu kiasi gani usihesabu bunduki zake. Hesabu watu wanaomwona kila siku na hawasemi.

Lakini mbaya kuliko wote ni pale anayekufunika ni yule aliyeapa kukukamata. James Bulger, aliyejulikana kama Whitey, wa Boston, alitoka jela 1965 na karibu miaka 30 iliyofuata hakurudi ndani ingawa mji mzima ulimjua. Alikuwa mtoa habari wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani. Anawapa majina ya wapinzani wake, wao wanamwacha afanye yake. Mwishoni mwa 1994, alipokuwa karibu kushtakiwa, afisa wa zamani wa FBI aliyekuwa akimsimamia, John Connolly, alimdokezea. Akatoweka miaka 16. Walimpata Juni 2011 katika nyumba ya kupanga Santa Monica, California, dola 822,000 taslimu zikiwa zimefichwa ukutani pamoja na bunduki. 2013 alipatikana na hatia, na mauaji 11 yakathibitishwa juu yake. Connolly naye alifungwa. Lakini ile miaka kabla ya 1994 familia za waliouawa zilikuwa zikienda kuripoti kwa nani?

mwana_umoja

Asante sana, mzee. Hapo pa nguo zilizofuliwa nimesoma mara mbili. Je, Kabuga tumhesabu humo? Maana jina lake lilitajwa sana hapa Nairobi.

karani_mstaafu

Kabuga si wa magenge, alisakwa kwa mashtaka ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, na sipendi kuyachanganya. Ila kufichwa kwake ni kule kule. Félicien Kabuga alikamatwa 16 Mei 2020 Asnières-sur-Seine, kando ya Paris, ndani ya nyumba, na wapelelezi walimfikia kwa kufuatilia mienendo ya watoto wake. Marekani ilikuwa imetangaza zawadi ya dola milioni 5 na bado hakuna aliyemtoa. Safari hii ugonjwa ulikuwa wa kweli: 2023 majaji walisimamisha kesi yake kwa sababu akili yake ilikuwa imedhoofika, hawezi tena kushtakiwa. Walionusurika walingoja zaidi ya robo karne, na hukumu hawakuipata. Kuchelewa kumkamata mtu nako ni njia ya kumwachilia.

binti_kisauni

Samahani kuingilia, mzee wangu. Tusiende mbali hadi Italia na kusahau Pwani. Mimi ni wa Mombasa, naishi South B sasa. Jina la Akasha tulikua nalo. Mzee Ibrahim Akasha aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani kuhusu dawa za kulevya. Kesi ya kuwapeleka huko ikavutwa, ikavutwa, nao wako nje kwa dhamana. Mwisho wa Januari 2017 wakapandishwa ndege hadi New York. Huko hawakupigana hata kesi, Oktoba 2018 walikiri makosa. Baktash akapewa miaka 25 mnamo Agosti 2019, Ibrahim miaka 23 Januari 2020. Na waendesha mashtaka wa Marekani waliiambia mahakama kwamba akina Akasha walikuwa wakiwahonga maafisa hapa kwetu, wakiwemo majaji na polisi, ili wasipelekwe.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Vijana wa mtaa wetu niliosoma nao, walioangamizwa na unga, nawakumbuka kwa majina. Na ilibidi haki ipatikane New York, mbali na makaburi yao.

karani_mstaafu

Binti yangu, umesema kweli tupu na umenisaidia, maana nilikuwa nikiizunguka. Pole kwa wenzako.

Ndiyo maana napenda watu wajue jinsi Italia ilivyobadilika, kwa kuwa haikubadilika kwa kupata polisi hodari zaidi. Pio La Torre, mbunge wa Sicily, alipendekeza sheria yenye mambo mawili: kuwa mwanachama wa genge la mafia liwe kosa lenyewe, hata kama hujashikwa na damu mkononi, na serikali iweze kutwaa mali. Alipigwa risasi Palermo 30 Aprili 1982. Sheria ilikuwa bado inasota bungeni. Tarehe 3 Septemba akauawa Jenerali Dalla Chiesa, aliyetumwa Palermo kupambana na mafia, pamoja na mkewe. Siku kumi baadaye sheria ikapita.

Sheria hiyo ndiyo iliyoiwezesha ile kesi kubwa ya Palermo iliyoanza Februari 1986 katika ukumbi wa zege uliojengwa kando ya jela ya Ucciardone. Washtakiwa 475. Zaidi ya 300 walipatikana na hatia Desemba 1987. Mahakama ya juu ilipozithibitisha hukumu hizo Januari 1992, wakubwa waliona rufaa haitawaokoa tena. Tarehe 23 Mei wakamlipua jaji Giovanni Falcone, mmoja wa walioiandaa kesi hiyo, barabarani Capaci, karibu na Palermo, na 19 Julai wakamlipua mwenzake Paolo Borsellino, pamoja na walinzi wao. Riina alinaswa miezi sita baadaye, na aliyewaonyesha polisi sura yake ni mtu wake wa zamani aliyeamua kusema.

Kenya nasi tuna sheria. Ya kutwaa mali iliyopatikana kwa uhalifu ni ya 2009, na ya kuzuia uhalifu wa kupangwa ni ya 2010, nayo inaadhibu uanachama wenyewe. Kuna hata shirika la serikali ambalo kazi yake ni kufuata hizo nyumba na magari mahakamani. Nilipokuwa kazini, mshtakiwa wa wizi wa kuku alimaliza kesi yake mapema kuliko mtu mwenye majumba asiyeweza kueleza aliyapataje. Hapo ndipo napaangalia. Jela wanaihofia, lakini nimewaona wakitetemeka zaidi likitajwa shamba.

dereva_thikaroad

Mzee, hayo ya mali nimekuelewa. Nauliza jingine, kwa sababu linanihusu. Unasema kila kitu kinasimama juu ya mtu kusema. Sisi tunaowajua wakusanyaji, nikienda leo nikaandika taarifa, kesho niko stejini ile ile na watoto wangu wanasoma shule ile ile. Nitasema nilale wapi?

karani_mstaafu

Ni haki yako kuuliza hivyo, na sitakuambia uwe jasiri. Nimeona shahidi akiikana taarifa yake mwenyewe kizimbani, mikono ikimtetemeka, na kiongozi wa mashtaka akamkaripia kana kwamba ni mwongo. Hakuwa mwongo. Alikuwa amewaona waliokuja kukaa viti vya nyuma.

Kuna sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006 na kuna shirika linaloitekeleza. Wengi hudhani ni lazima polisi wakuombee. Hapana, shahidi mwenyewe anaweza kuomba, na wakili au kiongozi wa mashtaka pia anaweza kumwombea. Wanaweza kukuhamisha wewe na familia, au kukubadilishia utambulisho ikibidi, au kuiomba mahakama utoe ushahidi nyuma ya pazia bila jina lako kutajwa. Wanapima kwanza hatari iliyopo, na si kila anayeomba hukubaliwa.

Kwa hiyo ukiamua, usianzie kituo kilicho karibu na steji yako. Tafuta wakili, au nenda moja kwa moja kwenye ofisi za mashtaka ya umma, na uombe ulinzi kabla hujaweka sahihi kwenye taarifa yoyote, si baada yake. Nimeandika neno hilo “kabla” nikiwakumbuka watu fulani ambao faili zao nilizibeba mimi. Ukihitaji kujua namna ya kuandika hilo ombi, niulize hapa hapa bila kutaja steji wala jina la mtu, nami nitakuonyesha hatua kwa hatua.